Jazi bila tarumbeta

Kijana akimsikilizisha mwenzake Shirati Jazz kwenye simu pale mwaloni Kirumba, Mwanza, mpenzi wa Louis Armstrong anayepita huenda akauliza: jazi yenyewe iko wapi? Hakuna tarumbeta. Kuna gitaa la solo linalodonoa mbiombio, na besi inayolikimbiza. Hiyo ni benga.

Daniel Owino Misiani, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya Shirati Jazz, alizaliwa 1940 karibu na Shirati, mkoani Mara. Jina la bendi lilifuata mazoea tu: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz. Humo neno lilimaanisha bendi ya dansi, basi.

Tahajia nayo ina vituko. Ukiandika “jazi”, unagongana na kitenzi chenye asili ya Kiarabu, kujazi, yaani kulipa mema. Mpiga solo hodari, Mungu amjazi!