Mkilifi, Muhuhu na Gitaa la Umeme

Ukitaja gitaa la umeme, watu hufikiria Marekani. Si kosa, ndiko lilikozaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Los Angeles, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitoa gitaa la alumini lenye umbo la kikaango. Karibu na 1940 Les Paul akachukua kipande cha gogo la msonobari, akakifunga nyuzi na sumaku, kikalia. Kumbe sauti ya gitaa hili haitegemei tumbo lenye uwazi kama gitaa kavu. Huanzia kwenye nyuzi za chuma zinazotikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele.

Pwani yetu haikuchelewa kulipokea. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924, hutajwa na wengi miongoni mwa watu wa kwanza Kenya kupiga gitaa la umeme. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa jeshini akitumbuiza askari, akafika hadi Burma. Aliporudi akawa mmoja wa wapiga gitaa waliojenga muziki wa dansi wa Afrika Mashariki. Ufundi wa vidole tulikuwa nao mapema, lakini ala yenyewe ikabaki kuwa kitu cha kuagiza ng'ambo.

Na mbao je? Hapa kuna kisa kingine, cha wachongaji. Uchongaji wa vinyago vya kuuzia watalii ulianzia Ukambani baada ya Vita vya Kwanza, ukateremka hadi Mombasa na Malindi. Wachongaji walipenda mpingo na muhuhu. Muhuhu ni mgumu, una harufu nzuri, na hukua polepole mno. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba kama 420 hivi kati ya Kilifi na Malindi, ukakatwa muhuhu miaka nenda miaka rudi. Humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke.

Kuanzia miaka ya 1990 wahifadhi na wachongaji walikaa wakazungumza. Jibu lilikuwa limesimama uani: mwarobaini. Mti huu ulitoka Bara Hindi, huota upesi, mchwa hawaupendi, na Kiswahili kimeupa jina la pili, mkilifi. Wachongaji wakaanza kununua miarobaini na miembe iliyozeeka kutoka kwa wakulima. Mteja hakukimbia, na mkulima akapata hela kwa mti ambao jana ulikuwa wa kivuli na dawa tu.

Sasa unganisha visa hivi viwili. Kama gogo la msonobari liliweza kulia, la mwarobaini litashindwaje? Mwili wa gitaa unataka ubao mkavu usiopinda. Kukausha ndiko kwenye kazi, maana mbao mbichi hupasuka, na nyuzi sita zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya kilo kama 40. Seremala wa Malindi anayetengeneza mlango usiokwama anaijua hesabu hiyo. Sumaku ataipata kwenye spika iliyokufa.

Unabaki ule ubao mweusi wa shingoni, ambapo vidole hubonyeza. Hapo mpingo hauna mpinzani, ila una masharti. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yake yote inasimamiwa na mkataba wa CITES, ingawa mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo. Angalia maana yake: gogo likivuka mpaka linataka kibali, gitaa halitaki. Huko Kilwa, Tanzania, vijiji vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa misitu yao ya mpingo, kwa hiyo kuvuna bila kumaliza kunawezekana. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mpingo huo huenda Ulaya kuwa klarineti, na faida nono hubaki kwa anayemalizia kazi.

Ndiyo maana gitaa la mkilifi si mchezo wa mafundi wenye muda. Msitu ukiisha, kisa cha muhuhu hakirudiwi, hakuna muhuhu wa kukirudia. Lakini mti wa uani ukikatwa, ukakaushwa, ukapigwa randa na kufungwa nyuzi hapahapa, mkulima ana sababu ya kupanda mwingine, seremala ana kazi, na kijana wa Ganze anayetaka kupiga kama Fundi Konde hangoji meli.