Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Mabepari wa Venisi Mbele ya Magofu ya Kua

Anayesimama pwani ya Utende na kuelekeza macho ng'ambo ya hori huona kwanza kisiwa cha Chole, na nyuma yake kisiwa cha Juani. Huko Juani yamo magofu ya Kua, mji wa mawe na chokaa ambao kisa chake hakijakatika katika ndimi za watu wa Mafia.

Masimulizi yasema kwamba watu wa Kisimani, mji uliokuwa upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, waliunda chombo, na siku ya kukishua wakawaalika watu wa Kua karamuni. Katikati ya karamu waliwanyakua watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, na chombo kikashuliwa juu ya miili yao. Watu wa Kua walinyamaza. Ilipopita miaka kama saba au minane, walipeleka mwaliko wa harusi. Wageni kutoka Kisimani walikaribishwa katika chumba cha chini ya nyumba. Wenyeji wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mmoja akisingizia kwenda kutazama chakula, hata akabaki mzee mmoja tu wa kuwazungumza. Mzee huyo alizungumza vizuri mno, hata hakuna aliyetambua kwamba mlango ulikuwa ukizibwa kwa mawe. Walifia humo wote, na mzee pamoja nao.

Je, hiyo ilikuwa haki? Swali hili ndilo lililonirejesha kwenye mchezo ambao, kwa maoni yangu, haujapata mahali pa kuufaa zaidi ya ufuo huu.

Shakespeare aliutunga mchezo wake wa mfanyabiashara wa Venisi katika miaka ya 1590, nao ukachapwa mara ya kwanza mwaka 1600. Kisa chake kinajulikana. Bassanio ataka fedha za kwenda kuposa. Rafiki yake Antonio amkopea dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi ambaye Antonio mwenyewe amezoea kumtukana na kumtemea mate. Dhamana ni ratili moja ya nyama ya mwili wa mdaiwa. Muda unapopita bila ya malipo, mdai aja mahakamani na kisu chake.

Kiswahili kilikifahamu kisa hiki mapema. Edward Steere alikitia katika kitabu chake cha Hadithi za Kiingereza, kilichochapwa Unguja mwaka 1867. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1969, Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanzania, alitoa tafsiri ya mchezo wenyewe, akauita Mabepari wa Venisi. Jina hilo lastahili kuzingatiwa. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amekuwa wengi, na biashara yao imeitwa ubepari. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha la 1967. Kwa neno moja mfasiri aliiondoa lawama mabegani mwa mkopeshaji peke yake, akaigawa kwa mji mzima: Antonio mwenye merikebu naye ni bepari, na Bassanio anayeishi kwa fedha za watu hasalimiki.

Uamuzi huo una maana kubwa katika visiwa hivi. Pale Chole, palipokuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi ulipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913, yangalipo magofu ya hekalu la Kihindu, ushahidi wa jamii ya wafanyabiashara waliowahi kuishi hapo. Kikundi kitakachoigiza mchezo huu bila ya hadhari kinaweza kumvika Shylock sura ya mwenye duka, hadhira ikacheka na kumzomea, kisha ikarudi nyumbani ikidhani imejifunza haki. Hapo mchezo utakuwa umefanya dhuluma.

Ziko hoja za Shylock zinazomzuia mcheshi asimgeuze mzaha. Mahakamani awakumbusha wakubwa wa Venisi kwamba wao wanao watumwa waliowanunua, na hawakubali kuambiwa wawaache huru, kwa kuwa ni mali yao. Basi kwa nini yeye alaumiwe kwa ratili moja aliyoinunua? Hakuna anayemjibu. Hapa Mafia, ambapo mashamba ya minazi yalilimwa kwa jasho la watumwa, na ambapo utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922 chini ya utawala wa Waingereza, hoja hiyo haihitaji ufafanuzi. Waliomiliki mwili mzima wanamhukumu anayedai ratili.

Ndipo Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anaposifu rehema kwa maneno matamu. Shylock akataa, naye anaswa kwa sheria ile ile aliyoishika: achukue nyama, asimwage hata tone la damu. Lakini waliosifu rehema wanapopata nguvu wanamnyang'anya mali na kumlazimisha kuacha dini yake, wakaiita hiyo huruma. Msikilizaji wa pwani hakosi kulitambua kosa. Mafunzo ya Kiislamu yamemlea katika kujua kwamba mdaiwa aliyekwama hupewa muhula, na kumsamehe ni bora zaidi. Na kwamba hata jamaa wa aliyeuawa, wenye haki ya kisasi, wamefunguliwa mlango wa kupokea dia au kusamehe. Katika mizani hiyo haki haifutwi. Anayesamehe anasamehe kilicho chake.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Huko Venisi deni lilikopwa kwa ajili ya harusi, likakaribia kulipwa kwa matanga. Huko Kua matanga yalilipwa ndani ya harusi yenyewe. Na faida ilikuwa nini? Kisimani imeliwa na bahari. Kua ilivamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, ikabaki mahame.

Utende leo ni makao ya Hifadhi ya Bahari iliyoundwa mwaka 1995, na swali la sheria na riziki halijawa geni kwa mvuvi wa hapa. Kwa hiyo mchezo huu na uigizwe ufuoni, maji yakiwa yamekupwa, magofu yakiwa ng'ambo. Anayemwigiza Shylock asifanywe kikaragosi. Na baada ya hukumu atoke jukwaani polepole, apite katikati ya watu waliokaa mchangani, ili kila mmoja amtazame usoni kabla ya kupiga makofi.