Fresh Expressions kwa Kiswahili: namna mpya za kuwa kanisa

Mwaka 2004 Kanisa la Uingereza lilitoa ripoti ya jopo lililoongozwa na Askofu Graham Cray, yenye jina Mission-shaped Church. Ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza istilahi fresh expressions of church, na tangu hapo wachungaji, makatekista na walei wanaokutana kuelezana wanavyoanzisha makusanyiko nje ya utaratibu uliozoeleka wamekuwa wakiitumia. Mzungumzaji wa Kiswahili anayekaa katika mikutano hiyo hupata kazi ya ziada: awaelezeje wenzake nyumbani?

Akitafsiri neno kwa neno atapata “misemo mipya ya kanisa”, na msikilizaji atangoja methali. “Sura mpya za kanisa” ni nafuu, lakini inamtuma mtu kwenye mwonekano: kinanda kipya, projekta, viti vya plastiki mahali pa mabenchi. Chanzo cha istilahi kiko mbali na mambo hayo. Kila kasisi wa Kanisa la Uingereza, kabla ya kuanza utumishi, hukubali wajibu wa kuitangaza imani upya katika kila kizazi. Upya huo ni wa utangazaji.

Maelezo yaliyotolewa baadaye na waasisi wa vuguvugu hilo yanabana zaidi. Yanataja kanisa lililoanzishwa hasa kwa ajili ya watu ambao bado si washiriki wa kanisa lolote. Hapo ndipo wengi hukosea. Ibada ya vijana yenye muziki wa kisasa, ikiwa waliomo ni watoto wa waumini walewale, ni jambo jema lakini haistahili jina hilo.

Mfano unaojulikana sana ni Messy Church, iliyoanza mwaka huohuo wa 2004 katika kanisa la St Wilfrid’s, Cowplain, karibu na Portsmouth. Lucy Moore na wenzake waliona kwamba familia za jirani hazifiki Jumapili. Wakafungua milango siku ya kazi, watoto wakishatoka shule: watu wazima na watoto wanapaka rangi na kukata karatasi pamoja, wanafanya ibada fupi, kisha wanakula chakula cha moto mezani. Utaratibu huo umevuka mipaka ya Uingereza na ya madhehebu. Messy Church ni namna moja tu: utafiti wa Church Army, shirika la uinjilisti la Kianglikana, uliotolewa mwaka 2016 ulihesabu makusanyiko mapya 1,109 ya namna mbalimbali katika dayosisi 21 za Kanisa la Uingereza.

Askofu Mkuu Rowan Williams aliwatuliza waliohofia parokia za zamani kwa msemo wa pili, mixed economy. “Uchumi mchanganyiko” utampeleka msomaji wizarani. Alichokusudia Williams mkulima wa mahindi na maharage anakijua: mazao mawili, shamba moja, hakuna linalong’olewa ili lingine liote.

Lakini Afrika Mashariki si mgeni katika habari hii. Mwaka 1966 padre Mmarekani Vincent Donovan, akiwa Loliondo, alimwandikia askofu wake kwamba misheni ilikuwa na shule na hospitali, ila hakuna Mmaasai mtu mzima aliyeishika imani. Akaomba aziache shughuli hizo, aende bomani kuzungumza juu ya Mungu tu. Wamaasai waliobatizwa baadaye walihitaji jina la kujiita. Badala ya kuazima neno la misheni walichukua neno lao, orporor, linalotaja udugu wa rika, wakasema udugu wa rika la Mungu. Kitabu chake, Christianity Rediscovered, kilichotoka mwaka 1978, kimesomwa kwa bidii na waanzilishi wa Uingereza. Wamaasai wale waliimaliza kazi ya istilahi kwa usahihi ambao kamati nyingi hazijaufikia.

Wakatoliki nao wana mkutano wao wa kukumbukwa. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakaamua kulijenga kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya hizo husemwa hadi leo kuwa njia mpya ya kuwa kanisa. Kitenzi “kuwa” ndicho kinachobeba mzigo, kwa sababu kinamwondoa msomaji kwenye jengo na kumrudisha kwa watu. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: jumuiya hukusanya kwanza waliokwisha kubatizwa, ilhali istilahi ya Waingereza inawatazama walio nje.

Kwa hiyo tafsiri inayofaa ni “namna mpya za kuwa kanisa”, ikifuatwa, pale inapotajwa mara ya kwanza, na maneno “kwa ajili ya wasio na kanisa”. Wanaoandaa semina na vitini vya Kiswahili wasiyakate maneno hayo ili kufupisha kichwa cha habari. Bila hayo istilahi inabaki kueleza mtindo wa ibada tu.