Mkataba wa kukomesha majaribio ya nyuklia na pwani ya Tanga

AGOSTI 29 kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Kupinga Majaribio ya Nyuklia, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Tarehe hiyo, mwaka 1991, ndipo ulipofungwa uwanja wa majaribio wa Semipalatinsk, Kazakhstan.

Tangu mwaka 1945 yamefanyika majaribio zaidi ya 2,000. Barani Afrika, Ufaransa ililipua mabomu 17 katika Jangwa la Sahara, nchini Algeria, kati ya mwaka 1960 na 1966.

Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ulifunguliwa kwa saini mwaka 1996, na Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Hata hivyo, haujaanza kutumika, kwa kuwa lazima kwanza uridhiwe na nchi 44 zilizotajwa ndani yake. Marekani, China na India ni miongoni mwa ambazo hazijafanya hivyo.

Mkataba huo una mtandao wa vituo 321 vya uchunguzi duniani, kimojawapo Dar es Salaam. Kituo hicho huvuta hewa kupitia chujio, kisha vumbi lililonaswa hupimwa mionzi. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, hewa hupita Tanga ikielekea huko.

Vituo vingine husikiliza mitetemo ya ardhi na sauti za chini ya bahari. Takwimu zake husaidia pia kutoa tahadhari ya tsunami, janga lililoua watu katika pwani ya Tanzania Desemba 2004.

Mvuvi wa Tanga hana kauli juu ya mabomu ya wakubwa, lakini upepo na bahari anavyovitegemea havina mpaka.