Kutoka Tanuru la Ufipa hadi Kalibu ya Plastiki

Dhana ya kuunganisha kwa moto ni ya zamani kuliko viwanda vyetu. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako Laela imo njiani baina ya Tunduma na Sumbawanga, wahunzi walipata chuma kwa hatua mbili. Kwanza walitumia ilungu (wingi malungu), tanuru la udongo lenye kimo cha meta 3 hivi, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto. Pato lake lilikuwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Kisha bonge lilitiwa katika kintengwe, tanuru dogo la mivukuto, ili mavi yatoke na chuma kishikamane. Nyundo ikamaliza kazi. Ufundi huo ulififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, chuma cha kigeni kilipoenea.

Historia hiyo yatufaa tunapotafuta istilahi ya jambo la kisasa. Mwaka 1872 ndugu wawili wa Marekani, John na Isaiah Hyatt, walipewa hataza ya mashine ya kusukuma plastiki laini ndani ya kalibu. Plastiki hiyo ikigawanyika kupita kando ya kizuizi, mikondo yake miwili hukutana tena upande wa pili. Mahali pa makutano hubaki mstari, nao aghalabu ndio udhaifu wa chombo.

Yafaa sababu zake zieleweke. Nyuso za mikondo huwa zimeanza kupoa, hivyo hazichanganyiki vya kutosha. Aidha, plastiki ikiwa imetiwa nyuzi za kioo, nyuzi hizo hulala sambamba na mstari badala ya kuukatiza. Basi kuongeza nyuzi huimarisha chombo kwingineko, lakini mstari haufaidiki. Kuongeza joto husaidia plastiki kushikana, ila hakuzigeuzi nyuzi. Wala hapa hakuna nyundo ya kufuatia, kama ilivyokuwa kwa mhunzi wa Ufipa.

Je, tuuite nini? «Lehemu», neno lenye asili ya Kiarabu, huashiria madini yaliyoongezwa ili kuunga. Hapa hakikuongezwa kitu. «Kiungo» huahidi nguvu isiyokuwapo. «Mshono» hupendeza sikioni, lakini mshono hushikwa na uzi unaovuka pande zote mbili, na hapa uzi hauvuki. «Ufa» nao huzidisha, kwa maana chombo hakijapasuka.

Tunapendekeza «mstari wa makutano». Istilahi hii haidai nguvu wala haitangazi kasoro; yaeleza lililotokea. Mfasiri wa mwongozo wa mitambo akiandika «kiungo», fundi aweza kutoboa tundu la skurubu papo hapo, akidhani ndipo penye nguvu. Wanaistilahi hatuna budi kuuliza kwanza kitu kimefanyikaje, ndipo tukipe jina.