Fundidora: Kiwanda Kilichoijenga Monterrey

Monterrey, kaskazini mwa Mexico, uliasisiwa mwaka 1596 na kwa karne tatu ukabaki mji wa kawaida wa biashara na mifugo. Reli kutoka Laredo, mpakani na Marekani, ilifika mwaka 1882. Mwaka 1890 kikafunguliwa kiwanda cha bia cha Cuauhtémoc. Lakini kilichoubadilisha kabisa mji huu ni chuma. Tarehe 5 Mei 1900, Vicente Ferrara na wenzake waliunganisha mitaji yao na kuanzisha kampuni ya Fundidora.

Tanuru la kwanza liliwashwa mwaka 1903, na Fundidora ikawa kiwanda cha kwanza Amerika ya Kilatini kufanya kazi yote ya chuma, tangu kuyeyusha madini hadi bidhaa kamili. Madini yalitoka Durango, makaa ya mawe Coahuila. Malighafi ilimwagwa kwa juu, hewa ya moto ikipulizwa kwa chini. Wakati ukifika, wafanyakazi walitoboa tundu lililozibwa kwa udongo, na chuma kikatiririka kama uji mwekundu kwenye mifereji ya mchanga, joto likiwachoma nyuso. Humo zilizaliwa reli na mihimili ya majengo ya Mexico.

Kiwanda kilijenga pia nyumba na shule kwa ajili ya familia za wafanyakazi wake. Viwanda vingine vikafuata: vioo mwaka 1909, kisha mabati. Mwaka 1943, wenye viwanda wakiongozwa na Eugenio Garza Sada walianzisha chuo cha Tecnológico de Monterrey ili mji usikose wahandisi.

Tanuru la tatu lilijengwa mwaka 1968, lakini madeni yalizidi. Serikali ilikichukua kiwanda mwaka 1977, na Mei 1986 kikafilisika. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza ajira, wengi wakiwa hawajui kazi nyingine.

Eneo la kiwanda lilifunguliwa kuwa bustani ya umma mwaka 2001, na tanuru la tatu likawa makumbusho ya chuma mwaka 2007. Leo mji wa Monterrey pamoja na vitongoji vyake una watu zaidi ya milioni tano. Utajiri wake husimuliwa kwa majina ya matajiri. Haki ni kuwataja kwanza waliosimama mbele ya tanuru.