Ujifunzaji wa Ushirika katika Somo la Historia

Ujifunzaji wa ushirika ni taratibu ya kusomesha ambayo wanafunzi, wakigawanywa makundi madogo, hutegemeana kwa elimu, kila mmoja akiwafunza wenziwe. Na namna yake mashuhuri iliasisiwa na Elliot Aronson mjini Austin, Marekani, mwaka 1971, shule zilipokuwa zikichanganya watoto wa rangi mbalimbali. Kwa namna hiyo, katika darasa la sekondari lisomalo Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani (1905–1907), mmoja katika kila kundi hutafiti kilimo cha pamba cha shuruti, wa pili habari za mganga Kinjikitile wa Ngarambe, wa tatu njaa iliyoenea baada ya Wajerumani kuteketeza mazao; kisha wenye sehemu moja kutoka makundi yote hukutana kuihakiki kabla ya kurejea makundini kuwafunza wenziwao. Fadhila yake kubwa ni kuwa sababu za vita hujadiliwa, hazikaririwi tu. Walakini mwalimu asipomtahini kila mmoja peke yake, wazembe hujificha nyuma ya wenye bidii.